Barry Evans: Mwalimu Aliyependwa Eastlands, Akasahauliwa Kwao

Ukimtajia mkazi wa zamani wa Pumwani, Kaloleni au Jericho jina la Barry Evans, yamkini atakutazama kwa mshangao na kukuuliza huyo ni nani. Lakini mtajie mwalimu Brown, yule kijana wa Kizungu mwenye nywele za kufunika masikio na uso wa kitoto, aliyekuwa akihangaika kwenye televisheni kuwafundisha Kiingereza watu wa kila taifa, na papo hapo utamwona akitabasamu. Hapo atakutajia na Ali, na Ranjeet wa kilemba, na Juan yule Mhispania, na yule bibi mkuu wa shule aliyekuwa akiingia darasani kama askari wa doria.

Mwalimu Brown na Barry Evans ni mtu mmoja. Huyo wa kwanza ni wa mchezo tu, na wengi wanamjua. Wa pili alikuwa mtu wa nyama na damu, naye alifariki dunia mwezi wa Februari 1997, bila ya habari za kifo chake kufika katika mitaa mingi iliyomcheka na kumpenda. Msomaji, maisha ya bwana huyu yana mafunzo, na ndiyo tunayoyasimulia leo.

MTOTO WA MAKAO

Barry Evans alizaliwa tarehe 18 Juni 1943 katika mji wa Guildford, kusini mwa Uingereza, wakati Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vimepamba moto. Wazazi wake walimwacha angali mtoto mchanga, na akalelewa katika makao ya Barnardo's, shirika la Uingereza linalojulikana kwa kulea watoto wasio na wenyewe. Alisoma katika shule za bweni za watoto wa namna yake. Sisi tunaujua uzito wa neno yatima. Lakini mtoto aliyeachwa na wazazi walio hai, huyo huenda mzigo wake ukawa mzito zaidi, maana hata kaburi la kuzuru hana.

Katika shule hizo ndipo kipawa chake kilipojitokeza. Kila palipochezwa mchezo wa shule, yeye ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Akaendelea mpaka akapata msaada wa masomo uliopewa jina la John Gielgud, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza, na kwa msaada huo akaingia Central School of Speech and Drama ya London, chuo cha kufundisha uigizaji. Mwaka wa 1963, akiwa na umri wa miaka 20, tayari alikuwa New York, kwenye majumba ya michezo ya Broadway, katika mchezo wa Arnold Wesker uitwao Chips with Everything. Kwa kijana aliyeanza maisha bila ya baba wala mama, hiyo haikuwa hatua ndogo.

Mwaka wa 1968 ilitoka filamu ya Here We Go Round the Mulberry Bush, naye ndiye aliyekuwa mchezaji mkuu. Mwaka uliofuata akaingia katika televisheni, kwenye mchezo wa kuchekesha wa Doctor in the House, akiwa Michael Upton, kijana anayesomea udaktari. Mchezo huo ulipendwa mno na watazamaji wa Uingereza, na ukafuatiwa na mwingine wa aina hiyo hiyo mwaka wa 1971. Baada ya hapo Evans akatoka, na nafasi yake ya mbele ikachukuliwa na wengine.

Hapo ndipo upepo ulipoanza kubadilika. Sura yake ya kitoto, ambayo ndiyo iliyompatia kazi, ikaanza kumzibia njia. Watengenezaji wa michezo walimwona kijana wa chuo wakati yeye alikuwa mtu mzima wa miaka 30 na zaidi. Mwaka wa 1976 akakubali kuigiza katika filamu ya Adventures of a Taxi Driver, filamu ya upuuzi na utupu ambayo mtu wa heshima zake hawezi kukaa kuitazama na watoto wake. Katika filamu hiyo Evans alikuwa dereva wa teksi. Msomaji na aishike habari hii ya teksi, kwani itarudi.

DARASA LA WAGENI

Mwaka wa 1977 mtunzi Vince Powell, aliyekwisha kuandika michezo mingi ya kuchekesha, alitunga mchezo mpya kwa ajili ya kampuni ya London Weekend Television. Jina lake lilikuwa Mind Your Language, nasi kwa lugha yetu twaweza kuuita Chunga Ulimi Wako. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa Uingereza tarehe 30 Desemba 1977.

Kisa chenyewe ni chepesi. Katika shule moja ya London kuna darasa la jioni la wageni wanaotaka kujifunza Kiingereza. Mwalimu aliyetangulia amerukwa na akili kwa sababu yao. Sasa analetwa mwalimu mpya, Jeremy Brown, naye anakuta mbele yake Mpakistani, Wahindi, Mchina, Mjapani, Mtaliani, Mgiriki, Mhispania, Mjerumani na Mfaransa. Kila mmoja anakifahamu Kiingereza kwa namna yake, na kila neno la mwalimu linageuzwa juu chini. Mtaliani na Mgiriki wanagombania kumvutia binti wa Kifaransa. Mchina na kijitabu chake chekundu cha Mao hapatani na Mjapani. Mpakistani Mwislamu na Singasinga wa India wanarushiana maneno tangu siku ya kwanza. Katikati yao yuko mwalimu, anapatanisha, anasahihisha, anashika kichwa, kisha anaanza upya.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu walioonekana kama hawajui Kiingereza walikuwa waigizaji hodari waliokimudu Kiingereza barabara. Ali Nadim, yule Mpakistani mpole mwenye kofia, aliigizwa na Dino Shafeek, aliyezaliwa Dhaka mwaka wa 1930. Ranjeet Singh aliigizwa na Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Jamila, yule mama wa Kihindi aliyekuwa hafumbui mdomo bila ya kufuma sufi, alikuwa Jamila Massey, mzaliwa wa Simla. Kulikosea neno kwa makusudi, na kulikosea mahali hasa panapochekesha, ni kazi isiyowezwa ila na mwenye kuijua lugha.

KUFIKA NAIROBI

Kenya ilipata televisheni mwaka wa 1962, na kwa miaka mingi stesheni ilikuwa moja tu, ile ya Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 iligeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Mpaka KTN ilipoanza mwaka wa 1990, mwenye televisheni alitazama alicholetewa au alizima. Michezo ya nyumbani ilikuwepo na ilipendwa, kama Vioja Mahakamani, lakini haikutosha kujaza jioni nzima. Basi mikanda ikanunuliwa kutoka ng'ambo, na mingi ilitoka Uingereza. Mind Your Language ikaingia katika miaka ya 1980, na ikarudiwa tena na tena.

Huko Eastlands televisheni haikuwa kitu cha mtu mmoja. Nyumba zilikuwa ndogo. Kuanzia zile za udongo za Majengo, Pumwani, walikokaa Waislamu wengi na kilikozungumzwa Kiswahili tangu zamani, mpaka zile za mawe za Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, chumba kimoja kililala watu wengi. Mwenye televisheni alikuwa na wageni atake asitake. Watoto walikaa sakafuni, wakubwa wakakaa kitandani, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Asiye na umeme aliunganisha chombo chake na betri ya gari, na betri ikiisha nguvu picha hujikunja kama karatasi penye moto. Buru Buru na Umoja, mitaa iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wenye mishahara, ilikuwa na antena nyingi zaidi juu ya mapaa, lakini kicheko kilikuwa kile kile.

Kwa nini watu wa Eastlands waliupenda hivyo mchezo wa Waingereza? Jibu halikai mbali. Kila ploti ya Eastlands ilikuwa darasa la mwalimu Brown. Mjaluo, Mkikuyu, Mluhya, Mkamba na mtu wa pwani walichota maji kwenye mfereji mmoja, na kila mmoja alikisema Kiswahili kwa ulimi aliotoka nao kwao. Kutokuelewana ndiko kulikokuwa chakula cha kila siku. Katika mchanganyiko huo ndimo Sheng ilimozidi kukua, lugha ya vijana waliochoka kusahihishwa.

Isitoshe, watoto wa mitaa hiyo walikuwa wakiteswa na Kiingereza shuleni. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, na alibaki nacho mpaka amnase mwenziwe. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza ndicho kilichoamua nani aende sekondari na nani abaki mtaani. Basi fikiri, msomaji, raha ya mtoto huyo jioni anapowaona watu wazima, wenye masharubu na tai, Wazungu kwa Waasia, wakikivunja Kiingereza vipande vipande na hakuna anayewavisha kibao! Mwalimu wao anachoka, anapumua, anawasahihisha kwa upole, na kesho wanarudi darasani.

KICHEKO CHA NANI?

Lakini haifai kumsifu mwigizaji na kuuficha upungufu wa mchezo. Walikuwepo Uingereza watu waliosema kwamba Mind Your Language iliwadhalilisha wageni. Kila mwanafunzi alipewa tabia moja ya taifa lake, na hakuachwa aitoke. Mhindi alikuwa Mhindi tu, na Mchina alikuwa Mchina tu. Michael Grade, mmoja wa wakuu wa burudani katika kampuni ya London Weekend Television, aliona hivyo pia, na mchezo ukasimamishwa mwaka wa 1979 baada ya misimu mitatu, ingawa watazamaji walikuwa bado wanautaka.

Hoja hiyo ina uzito, na sisi tuna sababu yetu ya kuipima. Katika darasa lile la misimu mitatu ya kwanza, miongoni mwa wanafunzi wa kudumu hakuwemo Mwafrika hata mmoja. Mtazamaji wa Makadara aliweza kucheka kwa raha zake, kwani aliyechekwa hakuwa yeye. Aliyechekwa ni Mhindi wa namna ya wale aliokutana nao dukani, naye mtoto akaokota sauti za kuwaigizia. Mwislamu pia alikuwa na lake la kufikiri. Ali Nadim alikuwa mpole na mcheshi, lakini ugomvi wake na Singasinga uligeuzwa mzaha, ilhali ugomvi wa namna hiyo ulimwaga damu nyingi India ilipogawanywa mwaka wa 1947.

Na sisi watu wa pwani tusijitoe. Ni nani kati yetu ambaye hajakicheka Kiswahili cha bara? Mtu wa bara akikosea ngeli mbele yetu, tunatazamana na kukonyezana. Anaposhuka Mombasa na kuuliza bei sokoni, kabla ya kujibiwa bei huwa amekwisha kuchekwa. Mwingereza aliyemcheka Ali hakuwa na tofauti kubwa na Mswahili anayemcheka mgeni wake. Nyani haoni kundule.

Hata hivyo jambo moja linabaki la kuelezwa. Ikiwa mchezo ule ulikuwa wa dharau tupu, mbona waliodharauliwa ndio walioupenda zaidi? Ulitazamwa India, Pakistan, Sri Lanka, Singapore, Nigeria na Kenya, miaka mingi baada ya Waingereza wenyewe kuuweka kando. India wakatengeneza wa kwao mwaka wa 1993, kwa Kihindi, wakauita Zabaan Sambhalke. Watu hawaigi matusi waliyotukanwa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, siri ilikuwa ni Barry Evans. Wengine wote mle ndani waliandikiwa vichekesho, yeye akaandikiwa subira. Mwigizaji mwingine angaliweza kumfanya mwalimu Brown mtu wa kejeli, anayewakonyeza watazamaji wa kwao juu ya vichwa vya wageni. Evans hakufanya hivyo. Alisikiliza jibu la kijinga kana kwamba huenda likawa sahihi. Alikunja uso, lakini hakuwabeua. Bibi mkuu wa shule alipowatweza wanafunzi wake, yeye alisimama upande wao. Mtu asiyejua lugha ya wenyeji anautambua upesi uso unaomcheka na uso unaomngoja amalize. Watazamaji wa ng'ambo, ambao karibu wote walikuwa wamewahi kuona haya mbele ya Kiingereza, waliuona uso huo wa pili, wakaupenda.

DEREVA WA TEKSI

Mchezo ulipokwisha, kazi nazo zikapungua. Evans alionekana hapa na pale, nafasi ndogo ndogo, na sura yake ya ujana ikazidi kumponza. Mwaka wa 1986 Vince Powell aliufufua mchezo wenyewe kwa sehemu 13, na Evans akarudi darasani. Lakini lilikuwa darasa lenye pengo. Dino Shafeek, Ali wa watu, alikuwa amekwisha kufariki mwezi wa Machi 1984 akiwa na umri wa miaka 53, na Tommy Godfrey, aliyekuwa mtunza shule, alifariki mwaka huo huo. Hata Uingereza kwenyewe mfululizo huo mpya haukuonyeshwa katika mikoa yote.

Baada ya hapo Barry Evans alihamia Leicestershire, katikati ya Uingereza, na huko akaendesha teksi. Alichokiigiza mwaka wa 1976 kwa kuchekesha watu kikawa ndicho chakula chake. Kuendesha teksi si aibu, ni kazi ya halali na ina jasho lake. Uchungu uliopo ni kwamba aliyekuwa usukani alikuwa na kipawa ambacho hakuna aliyekuwa akikitaka tena. Mwaka wa 1993 alipata nafasi katika filamu iliyotokana na hadithi ya Charles Dickens, The Mystery of Edwin Drood, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya mwisho ya filamu.

Pima mambo haya, msomaji. Katika miaka hiyo hiyo ambayo yeye alikuwa akingoja abiria, picha yake ilikuwa ikiwakusanya watu sakafuni Kaloleni na Shauri Moyo. Kama angeshuka siku moja katika steji ya mabasi ya Jogoo Road, watoto wangemfuata nyuma wakimwita mwalimu. Lakini sifa ya Nairobi haikumpatia kazi London. Bahari ilivuka mikanda, haikuvuka habari za kupendwa kwake.

Mwezi wa Februari 1997 polisi walikwenda nyumbani kwake katika kijiji cha Claybrooke Magna. Gari lake lilikuwa limeibwa, nao walikwenda kumwarifu kuwa limepatikana. Wakamkuta amekwisha kufa. Kijana mmoja alikamatwa, lakini hakushitakiwa, na uchunguzi wa kifo haukuweza kukata shauri juu ya kilichomuua. Umri wake ulikuwa miaka 53, sawa na ule wa mwenziwe Dino Shafeek. Maiti yake ilichomwa moto huko Golders Green, London, kama ilivyo desturi ya wengi katika nchi ile.

KILICHOBAKI

Leo stesheni za televisheni nchini Kenya ni nyingi, na betri ya gari imeacha kazi ile. Lakini vipande vya Mind Your Language bado vinatazamwa katika simu, na waliokuwa watoto wa Eastlands, ambao sasa ni wazee wenye wajukuu, wanavionyesha kwa wajukuu hao. Kicheko kinatoka vile vile. Wakosoaji nao wanaendelea kusema yao, na wana haki, kwani dunia imejifunza kuwa mzaha juu ya taifa la mtu unaweza kuwa mlango wa dhuluma.

Mwenye kuutazama tena na autazame kwa macho mawili. Kwa jicho moja aone makosa ya wakati ule, jinsi watu wa mataifa makubwa na yenye elimu walivyofanywa vikaragosi. Kwa jicho la pili amwangalie yule kijana aliyesimama mbele ya ubao, mtoto wa makao asiyekuwa na kwao, akiwapokea wageni mmoja mmoja na kuwangoja wamalize sentensi zao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu aliwafaa wageni wengi asiowajua, naye mwenyewe akafa peke yake. Jina lake lilikuwa Barry Evans, na si haba likitajwa pamoja na kile kicheko.